Ganzi ya Mkono Si Maudhi Madogo Madogo

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Kikaniponyoka, nami nikajua kimeanguka kwa kusikia kikivunjika. Mkono wenyewe haukuniambia kitu. Vidole vitatu vilikuwa vimekufa ganzi. Ganzi ikapanda polepole kiganjani, ikaacha kiwiko, ikaibukia kwenye pembe ya mdomo, upande uleule. Mbele ya macho mistari ya mwanga ilimeta na kujikunja kama meno ya msumeno. Baada ya kama nusu saa vyote viliondoka, kikabaki kichwa kinachopwita upande mmoja. Nilikuwa na miaka 51, na ilikuwa wiki ya tatu tangu nianze kumeza vidonge vya homoni kwa ajili ya lile joto la ghafla linalotuamsha wanawake wa umri huu saa nane za usiku tukiwa tumelowa jasho.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari aliyeniandikia dawa. Hakuinua macho kutoka kwenye faili. "Mama, hayo ni mambo ya umri," alisema. "Na hizi dawa zina maudhi madogo madogo. Utazoea." Hakunipima presha. Hakuuliza ganzi ilianzia wapi, ilipanda kwa muda gani, ilishika upande upi. Nilitoka na vitamini, vidonge vya maumivu, na aibu nisiyojua imetoka wapi, kana kwamba nimempotezea muda mtu mwenye kazi zake.

Maudhi madogo madogo. Mwanamke yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya uzazi wa mpango anayajua maneno hayo. Yalianza kwa nia njema: muuguzi alitaka kumtuliza msichana anayesikia kichefuchefu au kuona matone ya damu katikati ya mwezi. Leo yamegeuka blanketi la kufunikia kila kitu. Mwanamke akisema kichwa kinampasuka, ni maudhi. Akisema anaona mianga, ni maudhi. Akisema mkono umekufa nusu saa na ulimi umekuwa mzito, bado ni maudhi, tena madogo, tena mara mbili. Nani aliyeyapima hata akayaona madogo? Kwa kipimo kipi, ikiwa hata mashine ya presha ilibaki mezani?

Niseme wazi tangu sasa, ili asije mtu akanitumia kuwatisha wenzangu: siipingi dawa ya homoni. Hakuna tiba nyingine inayoyatuliza majoto ya ukomo wa hedhi kuishinda. Inamrudishia mwanamke usingizi, na ikitumiwa inalinda mifupa isivunjike. Mimi mwenyewe ninaitumia hadi leo, kwa njia nyingine nitakayoieleza. Ugomvi wangu ni na uziwi. Dawa yenye nguvu ya kuufikia ubongo na kuzima moto wake ina nguvu pia ya kuugusa ubongo huohuo pabaya, na mtu wa kwanza kulijua hilo ni mwenye mwili. Tukimnyamazisha huyo, tumeizima kengele pekee tuliyonayo.

Historia ya kengele hiyo inapaswa kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi ilikuwa ikiuzwa Ujerumani Magharibi, Uingereza na nchi nyingine nyingi, ikisifiwa kuwa salama kabisa. Tarehe 31 Desemba 1960 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapa barua fupi ya Leslie Florence, daktari wa kawaida katika mji mdogo wa Turriff huko Scotland. Alikuwa na wagonjwa wanne tu. Wote walikuwa wametumia dawa hiyo kwa muda mrefu, na wote walilalamikia jambo moja: ganzi na kuchomachoma, kukianza miguuni kisha kupanda mikononi. Akauliza kama kuna mwingine aliyeona hayo.

Barua hiyo ilisomwa ng'ambo ya bahari na Frances Kelsey, mkaguzi wa mamlaka ya dawa ya Marekani, ambaye tayari alikuwa ameizuia kampuni iliyotaka kibali cha kuiuza dawa hiyo nchini humo. Kelsey aliiuliza kampuni: mbona hamkuniambia habari za mishipa ya fahamu? Akaendelea kuzuia. Mwishoni mwa 1961 ulimwengu ulipojua kuwa dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwafanya watoto wazaliwe bila mikono na miguu, zaidi ya elfu kumi kwa makadirio yanayotajwa kila mara, Marekani ilikuwa imeepuka sehemu kubwa ya msiba huo. Kengele ya kwanza iliyosikilizwa ilikuwa miguu iliyokufa ganzi ya watu wanne.

Silinganishi homoni na thalidomaidi. Ninayoyalinganisha ni masikio. Fikiria daktari wa Turriff angewaambia wale wanne, "Ni mambo ya umri, mtazoea." Ingekuwa rahisi, watu wenye ganzi miguuni wapo kila kijiji. Alichofanya ni kuuliza, kuandika na kutuma. Msiba ule ndio ulioifanya Uingereza ianzishe mwaka 1964 kadi ya njano ya kutolea taarifa za madhara ya dawa, na Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wake wa kimataifa mwaka 1968. Tanzania ilijiunga na mpango huo mwaka 1993, Kenya mwaka 2010. Fomu ya njano iliyoko kwenye mtoto wa meza wa hospitali zetu ilizaliwa na ganzi. Leo mwanamke analeta ganzi ileile, na mtoto wa meza haufunguliwi.

Najua nitakachojibiwa: ukomo wa hedhi wenyewe huleta ganzi. Ni kweli. Mwaka 1953 madaktari wa New York walitoa orodha ya dalili 11 za kupimia ukomo wa hedhi, inayojulikana kwa jina la mmoja wao, Kupperman. Ndani yake, pamoja na majoto, kukosa usingizi na kizunguzungu, kuna ganzi na kuchomachoma, na kuna ile hali ya kuhisi kama sisimizi wanatambaa chini ya ngozi. Zaidi ya miaka 70 utabibu umekuwa ukijua kwamba homoni ya estrojeni ikishuka mishipa ya fahamu hulalamika. Kwa hiyo daktari wangu huenda alibahatisha jambo lenye ukweli kwa wagonjwa wengine. Lakini mgonjwa hakwenda kununua tiketi ya bahati nasibu.

Kwa maana mkono mmoja wa ganzi unaweza kuwa na wazazi wengi. Unaweza kutokana na ukomo wa hedhi. Unaweza kutokana na kisukari kilichojificha miaka mitano. Unaweza kuwa ni upungufu wa vitamini B12 kwa mama anayetumia dawa ya kisukari ya metformini kwa miaka mingi. Unaweza kuwa ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, ugonjwa wa wafuaji, washonaji na wachapaji. Unaweza kuwa ni dalili zinazotangulia kipandauso, au damu iliyoganda kichwani. Na unaweza kutokana na dawa. Kumwambia mwanamke "umri" kabla ya kuyagusa hayo ni kumhukumu bila kesi.

Wala wasituambie kwamba nchi zetu ni maskini mno kushughulikia ganzi. Tunashughulika nayo kila siku! Mgonjwa wa kifua kikuu anayepewa isoniazidi hupewa na vitamini B6, kwa sababu tunajua isoniazidi huichoma mishipa ya fahamu, na muuguzi wa TB anajua kumuuliza, "Miguu inawaka?" Waliokuwa wakitumia stavudini kwa ajili ya virusi vya Ukimwi walilia miguu kuwaka moto, walisikilizwa, hesabu ikafanywa, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziache kuitumia polepole. Baadhi ya wanawake waliobaki na ganzi hiyo sasa wana miaka 50 na ushee, na ndio hao wanaoingia ukomo wa hedhi. Swali la ganzi lipo, muuguzi wa kuliuliza yupo, daftari lipo. Kinachokosekana ni imani kwamba mwanamke aliyeacha kuzaa bado ana mwili unaostahili maswali.

Sasa tuitazame dawa yenyewe, bila woga na bila ushabiki. Estrojeni ya ukomo wa hedhi si mgeni. Vidonge vilivyotengenezwa kwa mkojo wa farasi wenye mimba vilipata kibali Marekani mwaka 1942. Ukisoma maelezo rasmi ya vidonge hivyo, sehemu ya ubongo na mishipa ya fahamu, utakuta maumivu ya kichwa, kipandauso, kizunguzungu, huzuni, wahaka, kifafa kuzidi, na korea, yaani ule ugonjwa wa viungo kuchezacheza vyenyewe. Haya yameandikwa na mtengenezaji mwenyewe. Hakuna aliyeyaita madogo.

Kisha kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa afya ya wanawake, WHI. Tawi lake moja liliwaandikisha wanawake 16,608 wenye kizazi. Nusu wakapewa estrojeni pamoja na projestini, nusu vidonge visivyo na dawa. Julai 2002 tawi hilo lilisimamishwa kabla ya muda. Kati ya kila wanawake 10,000 kwa mwaka, kiharusi kiliwapata 29 waliomeza homoni na 21 wasiomeza. Tawi la pili, la wanawake 10,739 wasio na kizazi waliopewa estrojeni peke yake, lilisimamishwa mwaka 2004, na humo viharusi viliongezeka 12 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2003 ikatoka hesabu ya wanawake 4,532 wenye miaka 65 na zaidi: waliodhaniwa kupatwa na ugonjwa wa kupoteza akili na kumbukumbu walikuwa 40 upande wa homoni na 21 upande wa pili.

Hapo ndipo dunia ilipogawanyika, na pande zote mbili ziliwakosea wanawake. Upande mmoja ulipiga mayowe. Wanawake waliambiwa watupe dawa, madaktari wakaogopa kuziandika, na mamilioni wakarudi kulowa jasho usiku kucha. Waliosahauliwa katika kelele hizo ni wanawake wenye miaka 50, kwani wastani wa umri katika utafiti ule ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamepita ukomo wa hedhi zaidi ya miaka kumi. Hatari ya mama wa miaka 70 ilibebeshwa mama wa miaka 50. Ongezeko la viharusi vinane kati ya watu elfu kumi kwa mwaka ni jambo la kupima kwa utulivu, na wengi wakilipima watachagua dawa. Nami ningechagua.

Upande wa pili sasa unapiga vigelegele. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuliondoa lile onyo la kwenye kisanduku cheusi kuhusu moyo, kiharusi, saratani ya matiti na kupoteza akili, kwenye dawa za homoni za ukomo wa hedhi. Kwa mwanamke wa miaka 50 mwenye afya njema, onyo lile lilikuwa limetiwa chumvi, na sitalililia. Lakini tayari nawasikia watu wakisema, "Unaona? Hazina madhara." Kisanduku kimeondolewa, mishipa ya fahamu haikuondolewa. Mwenye kipandauso chenye mianga bado anacho. Mwenye kifafa bado ana kifafa. Na huku kwetu, tuambiane ukweli, kisanduku hicho hakikuwahi kumlinda mtu, kwa sababu hakuna aliyekisoma. Karatasi niliyoikunjua mimi kutoka kwenye paketi yangu ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, kwa herufi za kumtoa mtu machozi. Mama yangu mdogo, aliyelea watoto saba na kuendesha duka miaka thelathini, asingeweza kuisoma hata kwa miwani.

Wenye kifafa nawatetea kwa namna ya pekee, kwa sababu hakuna anayewataja. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mdogo wa Marekani wa wanawake 21 wenye kifafa walioingia ukomo wa hedhi. Katika sita waliopewa vidonge visivyo na dawa, mmoja alizidiwa na degedege. Katika wanane waliopewa dozi ya kawaida ya homoni, wanne. Katika saba waliopewa dozi maradufu, watano. Ngazi hiyo haihitaji profesa wa hesabu. Tena wapo wanaotumia lamotrijini kuzuia kifafa, na estrojeni inaweza kuishusha dawa hiyo damuni bila mgonjwa kujua, mpaka siku anaanguka jikoni. Je, umewahi kumsikia mtu yeyote kaunta akimuuliza mwanamke, kabla ya kumpa homoni, kama ana kifafa?

Na sasa nakuja kaunta. Nimesimama kwenye foleni ya duka la dawa muhimu nikamwona mwanamke wa makamo akieleza majoto yake kwa sauti ya chini, na kijana aliyekuwa akiuza akamkabidhi paketi ya vidonge vya majira. "Hizi nazo ni homoni, mama, zitakusaidia." Shilingi mkononi, asante, anayefuata. Kijana yule hakuwa na roho mbaya. Hakufundishwa. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili hubeba ethinilestradioli, estrojeni ya maabara yenye nguvu nyingi kuliko ile ya tiba ya ukomo wa hedhi. Miongozo ya uzazi wa mpango ya Shirika la Afya Duniani inavipiga marufuku kabisa kwa mwanamke mwenye kipandauso chenye mianga au ganzi ya kutangulia, awe na umri wowote, na kwa mwenye presha ya 160 kwa 100 au zaidi. Mama yule alikuwa na miaka hamsini hivi, mnene, uso umevimba kwa uchovu. Hakupimwa presha. Hakuulizwa lolote. Nilimfuata nje nikamweleza. Si kazi ya mpita njia!

Liko na jambo la sindano ya miezi mitatu, ambayo wengi wetu tuliitumia miaka na miaka mpaka hedhi ilipokoma yenyewe. Machi 2024 watafiti wa Ufaransa walitangaza walichokiona kwa wanawake 18,061 waliofanyiwa upasuaji wa meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo, ambao mara nyingi si saratani lakini unabana. Waliotumia sindano hiyo, ya medroksiprojesteroni, kwa mwaka mmoja au zaidi walikuwa na hatari mara 5.6 ya wasioitumia. Uvimbe huo ni wa nadra, na mara 5.6 ya kitu cha nadra bado ni kidogo. Mwanamke anayeihitaji sindano asiikimbie kwa makala yangu. Lakini mwanamke aliyechomwa sindano hiyo miaka kumi, akaja na kichwa kisichoisha na jicho linalofifia, anastahili kusikia neno lingine lisilokuwa "umri".

Niwaambie jinsi habari yangu ilivyokwisha, maana inaonyesha kwamba jambo hili halihitaji mabilioni. Nilikwenda kwa daktari wa pili, mama wa makamo mwenye kliniki ndogo. Aliniuliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Dada, ulipokuwa msichana, kichwa kilikuwa kinakuuma upande mmoja ukiona mianga?" Ndiyo! Tangu kidato cha pili. Kilipotea baada ya mtoto wa mwisho nikakisahau. Akanipima presha mikono yote miwili, akanitembeza, akanigusa uso na vidole kwa pamba na kwa ncha ya kalamu, akaagiza kipimo cha sukari. Kisha akanieleza kwa Kiswahili, bila haraka. Kidonge kinachomezwa hupita kwanza kwenye ini, na ini likipata estrojeni nyingi kwa mpigo hutengeneza zaidi vile vitu vinavyogandisha damu; tena homoni hupanda na kushuka, jambo ambalo ubongo wenye kipandauso haulipendi. Plasta ya kubandika kwenye ngozi au jeli ya kupaka huingiza estrojeni kidogo kidogo, mwendo mmoja, bila kulipitia ini kwanza.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuwa akisema kwa hisia. Mwaka 2010, uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza ulionyesha kuwa plasta za dozi ndogo, zisizozidi mikrogramu 50, hazikuongeza kiharusi, wakati plasta za dozi kubwa na vidonge vya kumeza viliongeza. Akanibadilishia dawa, akaniambia nirudi baada ya wiki sita. Halafu akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu ya njano, akaijaza mbele yangu: umri, dawa, tarehe niliyoanza, siku ya tukio, ganzi ilidumu muda gani, nini kilitokea nilipoacha. Dakika kumi. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua ikiwa nimepona, alishangaa. "Wewe umepona. Mwingine je?"

Hilo ndilo ninalolidai, na ninalidai kwa majina ya kazi za watu.

Daktari na muuguzi: kabla hamjaandika homoni, ulizeni kama mwanamke ana kipandauso, na kama huja na mianga au ganzi. Ulizeni kifafa na dawa zake. Ulizeni kiharusi na damu kuganda, kwake na kwa ndugu zake, pamoja na maswali ya matiti na ya damu isiyoeleweka ambayo mlishafundishwa. Mpimeni presha, mashine ipo. Na akirudi akasema "mkono umekufa", asitoke mlangoni bila kupimwa na bila fomu. Hamtakiwi kuwa na hakika kwamba ni dawa. Fomu haidai hakika. Daktari wa Turriff hakuwa na hakika. Alikuwa na shaka, akaiandika.

Mfamasia na mwuza dawa: vidonge vya majira si tiba ya majoto ya mama wa miaka 50 anayeingia dukani bila cheti. Kumpa bila kuuliza ni kumtupia mwenzio kamba bila kutazama imefungwa wapi.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, TMDA, na Bodi ya Famasi na Sumu ya Kenya: mna fomu, na hilo nawapongezeni. Sasa wekeni masharti kwamba kila paketi ya homoni iuzwe na karatasi ya Kiswahili chepesi, yenye herufi zinazosomeka, inayosema juu kabisa: ukipata ganzi ya upande mmoja, mianga machoni au kichwa kisichokuwa cha kawaida yako, rudi haraka. Mnawatangazia wananchi habari za dawa bandia redioni kila siku; watangazieni pia kwamba mgonjwa mwenyewe anaweza kutoa taarifa ya madhara. Wengi hawajui.

Na wewe dada yangu, mama yangu, uliyenyamazishwa kama mimi: usikatize dawa kimyakimya, wala usiendelee nayo kimyakimya. Chukua daftari la shule la mjukuu, andika siku, saa, mkono upi, ulianzia wapi, ulidumu dakika ngapi, ulikuwa umemeza nini. Daktari anaweza kupinga hisia zako. Tarehe na saa hazipingiki kirahisi. Ganzi inayotambaa polepole kwa dakika kadhaa na kuondoka ni ya kupeleka kliniki upesi. Lakini uso ukishuka upande mmoja ghafla, mkono ukakataa kuinuka au maneno yakakorogeka, usiandike kitu, usingoje asubuhi, usimpigie shangazi kwanza. Hospitali, saa hiyohiyo. Sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, ina saa nne na nusu tu za kuchomwa, na mtu wa kuamua kama inakufaa ni daktari aliyekupiga picha ya kichwa.

Mficha maradhi kilio humfichua, tumeambiwa tangu utotoni, na methali hiyo imetumika kutulaumu sisi wagonjwa. Sisi hatukuficha. Tulikwenda, tulipanga foleni, tulieleza, tulionyesha mkono. Maradhi yalifichwa na waliokataa kuyaandika, na deni hilo ni lao.

Daktari wangu wa kwanza bado yupo kazini, na wanawake wa umri wangu wanaingia chumbani kwake kila siku. Simtakii mabaya. Namtakia aufungue mtoto wa meza. Ile barua ya 1960 ilikuwa na wagonjwa wanne. Yeye amekwisha kumpata mmoja, mimi, na akamrudisha nyumbani na vitamini. Huenda wengine watatu walikuwa kwenye benchi lake asubuhi ileile.